Rafu imepinda, kabati limevimba: mbao gani, bodi gani, kiungo gani

Ukitaka kujua kabati la jikoni limetengenezwa kwa nini, usiangalie mlango. Piga magoti uangalie chini kabisa, pale ubao wa pembeni unapogusana na vigae. Kama ni bodi ya MDF na nyumba inadekiwa kila siku, utakuta ukingo umefura kama mkate uliochovywa kwenye chai, rangi imechanika, na ukiubonyeza kwa kidole gumba unabonyea. Juu bado kunang'aa. Vishikio vipo, bawaba zinafanya kazi. Lakini kabati hilo limeshakufa, limebaki kusimama tu.

La kwangu la kwanza lilikufa hivyo, ndani ya masika mawili. Nilimlaumu fundi, fundi akalaumu bodi, mwenye duka akaapa kwamba bodi ni ileile wanayonunua wote. Kila mmoja alikuwa na ukweli kidogo. Bodi haikuwa mbovu, ila ilikuwa imewekwa mahali ambapo kila asubuhi hupita ndoo na tambara. Michoro mingi ya makabati tunayoiga imetoka kwenye nchi ambako sakafu hufagiwa au hunyonywa vumbi kwa mashine. Sisi tunadeki. Tofauti hiyo moja inageuza sehemu kubwa ya ushauri.

Kwa hiyo swali ambalo watu huanza nalo, "mbao gani nzuri?", mimi naliweka mwisho. Kwanza uliza kabati litakaa wapi, litabeba nini, na maji yatalifikia kutoka upande gani. Mninga kwa rafu ya viatu barazani ni kuupoteza mninga, na MDF chini ya sinki ni kuipoteza MDF. Ukishajibu hayo, orodha ya vifaa hujipunguza yenyewe mpaka ukabaki na viwili au vitatu vya kuchagua kwa mfuko wako.

Tuanze na bodi, maana ndiko pesa nyingi zinakoenda siku hizi.

MDF ni nyuzi za mbao zilizosagwa, zikachanganywa na gundi na kukandamizwa kwa joto. Haina vifundo, haijipindi kwa kiangazi, na inapokea rangi vizuri kuliko mbao yoyote. Ukitaka milango ya kupaka rangi iliyo laini kama kigae, hakuna cha kushindana nayo. Shiti moja ni futi 4 kwa 8, yaani milimita 1220 kwa 2440, na ya unene wa milimita 18 ina uzito wa kilo 40 hivi. Usijaribu kuipandisha ngazi peke yako. Udhaifu wake uko kingoni. Nyuso zake mbili zimebanwa sana lakini katikati ni laini, kwa hiyo mahali ulipokata ndipo inapokunywa maji. Na ikishavimba hairudi. Anika juani wiki nzima, itakauka ikiwa imevimba vilevile. Ile yenye rangi ya kijani ndani inavumilia unyevu zaidi kwa sababu ya aina ya gundi, kijani chenyewe ni alama tu. Inafaa kwa kabati la juu jikoni, mahali pa mvuke. Haikutengenezwa ikae ndani ya maji.

Chipubodi ni ndugu yake mwenye chembe kubwa, na mara nyingi huja imevikwa ngozi ya melamini nyeupe au ya mfano wa mbao. Kabati nyingi za nguo zinazouzwa zikiwa vipande ndani ya boksi ni hizi. Uso wa melamini unafutika vizuri, hata mafuta ya kupikia hayauogopeshi. Shida ni skrubu. Ikishaingia mara moja imekata njia yake kwenye zile chembe, na ukiifungua na kuirudisha haishiki kama mwanzo. Kwa mwenye nyumba yake si neno. Kwa mpangaji anayehama kila kodi inapopanda, kabati la chipubodi huhama mara mbili, na mara ya tatu linayumba kama jino la mtoto.

Plaiwudi ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa mwili wa kabati, na sababu yake ni rahisi kuiona ukitazama ukingo: tabaka nyembamba zimepishana, moja nyuzi zake zinakwenda urefu, nyingine upana. Kwa kuwa mbao husinyaa kuelekea upana na karibu haisinyai kabisa kuelekea urefu, kila tabaka inamzuia jirani yake asicheze. Matokeo yake ni bodi isiyopasuka, inayoshika skrubu vizuri, na iliyo nyepesi kuliko MDF. Lakini plaiwudi si kitu kimoja. Kwa unene uleule, yenye tabaka nyingi na nyembamba ni imara kuliko yenye tabaka chache na nene. Chungulia kingo zote nne kabla ya kulipa. Ukiona mapengo meusi kati ya tabaka, kuna mengine ndani usiyoyaona, na skrubu yako itakutana nayo. Pima pia unene kwa rula. Iliyoandikwa 18 mara nyingi inatoka 17 au pungufu, na hilo litakuhusu sana ukifika kwenye kuchimba mifereji ya rafu.

Hapa kuna mkanganyiko mmoja unaowagharimu watu. Dukani ukitaja "marine", unaweza kupewa vitu viwili tofauti kabisa. Kuna plaiwudi ya merikebu ya kweli, ambayo gundi yake haiachii kwenye maji na tabaka zake hazina mapengo. Na kuna ile bodi yenye uso mweusi au wa kahawia unaoteleza, iliyotengenezwa kwa ajili ya kumwagia zege, ambayo kwetu nayo imezoeleka kuitwa marine. Ya pili si mbaya, baadhi yake ina gundi nzuri. Ila jina halikuhakikishii kitu. Njia ya kujua ni kuomba kipande cha mabaki chenye ukubwa wa kiganja, ukitie kwenye sufuria ya maji na kukichemsha kwa saa kadhaa, kisha ukikaushe, ukichemshe tena. Maabara huchemsha kwa muda mrefu zaidi, saa 72, lakini gundi dhaifu haifiki huko: tabaka zitaanza kufunguka kama kurasa za kitabu kilichonyeshewa kabla gesi haijakuuma.

Blokibodi, yenye vipande vya mbao katikati na veniya, yaani ngozi nyembamba ya mbao, juu na chini, inafaa kwa rafu ndefu na milango mirefu kwa kuwa ni nyepesi na ngumu. Sharti moja tu: vipande vya katikati vielekee urefu wa rafu. Ukiikata kinyume umenunua ubao dhaifu kwa bei ya ubao imara.

Sasa mbao zenyewe.

Mninga, Pterocarpus angolensis kwa jina la kitaalamu, umejijengea heshima yake kwa haki. Husinyaa kidogo sana ukilinganisha na mbao nyingine ngumu, hupigwa randa bila kupigana, na rangi yake haihitaji kusaidiwa. Mkongo ni mzito na mgumu zaidi, unachosha msumeno lakini unavumilia. Msaji, ambao wengi wanauita mtiki, una mafuta ya asili yanayoufanya usiogope maji, na unapandwa hapa Tanzania, Longuza kule Muheza na Mtibwa kule Morogoro, kwa hiyo upatikanaji wake hautegemei msitu wa asili peke yake. Mninga na mkongo hali yao ni tofauti. Novemba 2022 miti ya jamii zote mbili barani Afrika iliingizwa kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Kununua mbao kwa matumizi ya nyumbani hakujakatazwa, lakini dai risiti na uulize mbao zimetoka wapi. Za usiku wa manane bila kibali cha TFS, wakala wa misitu wa serikali, zinaweza kukuletea maswali barabarani, na mara nyingi ni mbichi vilevile.

Halafu kuna paini. Mbao za Mafinga, kutoka shamba la Sao Hill na mashamba ya watu binafsi wilayani Mufindi, ndizo zimejaa madukani, na watu wanazidharau kupita kiasi. Paini iliyokauka, isiyo na vifundo vikubwa, ni nyepesi, haina makuu na fundi, na kwa ugumu wa kubeba rafu inaishinda MDF kama mara tatu. Kasoro yake ni kwamba mchwa na bungua wanaipenda. Ile iliyotiwa dawa ya rangi ya kijani inasaidia, ila kumbuka dawa mara nyingi imeingia juujuu tu: ukikata, ule uso mpya hauna kinga, upake dawa tena. Pumba zake usiwashie jiko la mkaa, na usiitumie mahali ambapo chakula kitagusana na ubao moja kwa moja.

Nikirudi kwenye mninga, watu husema hauliwi na wadudu. Ni kweli nusu. Kiini, ile sehemu ya kahawia na nyekundu, ndicho kisicholiwa. Sehemu nyeupe ya manjano iliyokuwa karibu na gome inaliwa kama kawaida. Ukiona rafu ya mninga imetoa vumbi laini kama unga wa sembe, fuata lile vumbi. Karibu kila mara litakupeleka kwenye ukingo mweupe ambao fundi aliuacha ili ubao utoshe upana, kisha akaupaka rangi ufanane na wenzake.

Lakini mbao yoyote utakayochagua, kitu kinachoamua kama kabati litakaa miaka 3 au 30 ni ukavu. Ubao wa paini wa inchi moja kwa kumi na mbili uliopasuliwa mbichi unaweza kupungua karibu sentimita nzima ya upana mpaka ukauke. Ukiupigilia ukiwa mbichi, ile sentimita itatoka mahali: kwenye kiungo, au kwenye ufa. Mwenye mbao atakuambia ni kavu. Wewe kata kipande cha urefu wa kiganja kutoka katikati ya ubao, siyo kwenye ncha maana ncha hukauka mapema, ukiweke kwenye mizani ya jikoni na kuandika uzito kwa penseli juu yake. Weka ndani ya nyumba, pima kila wiki. Mradi uzito unashuka, mbao bado inakauka. Uzito ukisimama wiki mbili mfululizo, imezoea hewa ya nyumba yako. Ubao mzima ni mkubwa kuliko kipande, hivyo uongezee subira. Zile nyingine zipange juu ya vijiti ili hewa ipite pande zote, ndani au kivulini, kamwe usizianike juani, zitajikunja kama vibanzi vya nazi.

Nimesema hewa ya nyumba yako kwa makusudi. Mbao iliyotulia Dodoma haijatulia Tanga. Hata mahali pamoja haitulii mwaka mzima: masika mlango wa kabati unakwama, kaskazi ukivuma unalegea. Huwezi kuuzuia mchezo huo, unaweza tu kuuachia nafasi. Ndiyo maana mlango wa zamani wa mbao hutengenezwa kwa fremu na paneli, ambapo paneli hukaa ndani ya mfereji bila gundi wala msumari, ikipanuka na kusinyaa kimyakimya. Fundi mwenye haraka huipaka gundi pande zote nne "ili iwe imara". Januari inafika, usiku mnasikia "pa!", asubuhi paneli ina ufa kutoka juu hadi chini.

Tuingie kwenye kupinda.

Ukizuru nyumba za mawe za Lamu au Mji Mkongwe, utaona vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, upana wake hauzidi sana mita 2.5 au 3. Sababu kubwa ni boriti. Dari ilibebwa na miti ya mikoko, na mkoko una urefu wake na nguvu yake, hivyo chumba kilikatwa kwa kipimo cha boriti. Rafu yako inafuata sheria hiyohiyo, ila sisi tunaanza na ukuta: ukuta una mita 2, basi rafu iwe ya mita 2. Wajenzi wale walianza na mti. (Na kwa vyombo vya kauri walitumia zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Rafu isiyopinda kuliko zote ni ile iliyo ndani ya jiwe.)

Hesabu yenyewe iko hivi. Kwa rafu iliyoshikwa ncha mbili na kujazwa mwanzo hadi mwisho, ukiongeza urefu kwa nusu yake, kuzama kunaongezeka mara tano. Ukiongeza urefu mara mbili, kunaongezeka mara 16. Kwa upande mwingine, ukiongeza unene mara mbili, kuzama kunapungua mara nane. Sasa weka uzito. Rimu moja ya karatasi za A4 ina kilo 2.5 na unene wa sentimita 5 hivi, kwa hiyo mita moja ya mafaili yaliyoshindiliwa inaweza kukaribia kilo 50. Vitabu vya kawaida viweke kilo 30 kwa mita. Chukua rafu ya MDF ya milimita 18, kina sentimita 30, ijaze vitabu hivyo. Ikiwa na urefu wa sentimita 60 inazama milimita moja na kitu, hutaona. Ikiwa na sentimita 90 inazama zaidi ya milimita 6 siku ya kwanza, na hapo ndipo jicho linapolalamika. Tena bodi hizi zina tabia ya kuendelea kuchoka. Baada ya mwaka mmoja au miwili, kuzama kunaweza kufika mara mbili ya hapo. Paini ya unene uleule kwa sentimita 90 ingezama milimita 2 hivi.

Kwa hiyo kanuni yangu nyumbani ni fupi: MDF na chipubodi sentimita 60, plaiwudi 75, mbao nzima 90, kwa mzigo wa vitabu. Nguo na taulo zinaruhusu zaidi. Ukilazimika kuvuka hapo, usikimbilie bodi nene, gundisha ubao mwembamba wa mbao ngumu kwenye ukingo wa mbele, milimita 20 kwa 40, ukiwa umesimama kwa ule upande wa 40. Rafu ya MDF inaongezeka ukakamavu zaidi ya mara tatu, na juu yake umeshaficha ule ukingo mbaya. Nyuma nako ipige skrubu kupitia mgongo wa kabati.

Mgongo! Hiki ndicho kipande kinachoonewa kuliko vyote. Kwa sababu hakionekani, huwekwa ile plaiwudi ya milimita 3 iliyopigiliwa kwa misumari midogo, au hauwekwi kabisa kwa hoja kwamba ukuta upo. Sanduku la mbao nne bila mgongo ni kama fremu ya kitanda bila chaga, ukilisukuma kutoka ubavuni linalala. Kinachozuia hilo si gundi wala pembe, ni ule ubao bapa wa nyuma unaokataa kugeuka msambamba. Mgongo wa plaiwudi ya milimita 6, uliopakwa gundi na kupigwa skrubu kila sentimita 15, unafanya kabati la bei rahisi lisimame kama la bei ghali. Kabla ya kuufunga, pima kona kwa kona, kisha kona nyingine mbili. Vipimo vikilingana, sanduku limenyooka. Visipolingana, sukuma ile kona iliyo ndefu mpaka vilingane, ndipo ufunge. Milango inayogongana huanzia hapa, siyo kwenye bawaba.

Viungo navyo vina siri moja tu ya kuelewa. Skrubu inazuia kitu kisitoke mahali pake, haipendi kubeba. Rafu iliyopigwa skrubu kutoka ubavuni inaning'inia kwenye vijichuma viwili. Ukichimba mfereji wa theluthi moja ya unene wa ubao, milimita 6 kwa ubao wa 18, na kuitumbukiza rafu humo, sasa ubao unabebwa na ubao, na skrubu imepewa kazi anayoiweza. Kama huna mashine ya kuchimba mfereji, gundisha kipande cha mbao chini ya rafu kila upande kiwe kigingi cha kuegemea. Hakina urembo, lakini hakiangushi.

Zile skrubu nyeusi za jipsam ambazo kila duka linazo ni ngumu lakini hazina uvumilivu, zikielemewa hukatika ghafla kichwa. Kwa mwili wa kabati tafuta skrubu za mbao, au zile nene za milimita 7 kwa 50 zilizotengenezwa kwa ajili ya bodi. Na kwa vyovyote toboa tundu kwanza. Kwenye ukingo wa MDF hili si ushauri, ni lazima: skrubu bila tundu inaupasua katikati kama kabari, hata kama kwa juu hujaona ufa. Gundi nyeupe ya mbao inatosha vyumba vikavu. Jikoni na bafuni ulizia inayohimili maji, yenye alama ya D3 au D4. Paka, bana, na uangalie mstari wa kiungo. Ikijitokeza kwa vitone vidogo kama shanga, ni kiasi chake. Isipojitokeza, umeibania.

Ukutani. Lipu haibebi kitu. Unene wake ni sentimita moja na nusu hivi, kwa hiyo fisha, kile kidude cha plastiki kinachoishika skrubu, lazima ipite lipu yote na kukaa ndani ya tofali au zege, na skrubu iwe ndefu kwa kipimo hicho pamoja na unene wa ubao. Toa vumbi ndani ya tundu kabla ya kusukuma fisha. Kwa tofali lenye uwazi ndani, zima nyundo ya drili, la sivyo utavunja ule ukuta mwembamba na fisha itazunguka bure. Kabati la juu la jikoni napenda kulitundika kwa mbao mbili zilizokatwa mshazari wa nyuzi 45, moja ukutani, moja mgongoni mwa kabati, hii ya pili ikaketi juu ya ile ya ukutani. Mtu mmoja analiinua, anaweka pimamaji, analisogeza kushoto kulia, imekwisha. Na kabati refu lolote, hata likiwa zito namna gani, lifungwe ukutani kwa juu. Mtoto akifungua droo tatu kwa pamoja, au kama tulivyoziita zamani watoto wa meza, na kuzipanda kama ngazi, ule uzito unamwangukia yeye.

Bawaba sitakaa nazo sana. Zile za kikombe zinataka tundu la milimita 35, kina 12 au 13, kwa hiyo mlango wa chini ya milimita 16 haufai. Mlango wa hadi sentimita 90 wape mbili, mrefu kuliko hapo tatu, wa mita 2 nne.

Tumalizie maji, maana ndiyo yaliyotuleta hapa. Kinga dhidi ya maji ya kudeki ni kuliinua kabati sentimita 10 hadi 15 kutoka sakafuni, kwa miguu ya plastiki ya kurekebisha au kwa jukwaa la tofali lililofunikwa vigae. Nyumba nyingi kwetu zimekwenda mbali zaidi: kaunta ya zege, kuta fupi za tofali, na mbao inabaki milangoni tu. Wanaoona huo ni ushamba hawajawahi kubadilisha bodi iliyooza chini ya sinki. Kila ukingo uliokatwa, hata usioonekana, upate msasa na mikono miwili au mitatu ya vanishi au rangi kabla ya kuunganisha, wa kwanza ukiwa mwepesi ili uzame ndani. Na upake pande zote mbili za ubao. Ukipaka mbele tu, nyuma itaendelea kunywa unyevu, na mlango utajikunja kama kiganja.

Kama mtungi wa gesi utakaa ndani ya kabati, toboa matundu ya hewa chini kabisa ya mlango au ubavu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakaa chini, na tundu la juu halitaiona.

Wakati wa kukata, vaa barakoa na ukatie nje. Vumbi la mbao limeorodheshwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani miongoni mwa visababishi vya saratani tangu 1995, na fomaldehidi, iliyomo kwenye gundi za bodi nyingi, tangu 2004. Tafuta bodi yenye alama ya E1, yaani inayotoa fomaldehidi kidogo, au bora zaidi, na kabati jipya la nguo liache wazi siku kadhaa kwenye hewa kabla ya kupanga nguo za mtoto.

Kama hujawahi kutengeneza chochote, anza na hii: shiti moja ya plaiwudi ya 18, iombwe ikatwe dukani vipande vinne kwa urefu. Usiandike sentimita 30.5 kwa kugawanya 1220 kwa nne. Msumeno nao unakula, milimita 3 kila unapopita, na unapita mara tatu. Andika milimita 302. Viwili vikate sentimita 180, hizo ni mbavu. Viwili vilivyobaki vinatoa vipande vinne vinne vya sentimita 60, na mabaki ya mbavu yanatoa viwili zaidi. Kumi jumla, wakati kabati linahitaji sita: juu, chini, na rafu nne. Andika namba kwa penseli kwenye kila kipande kabla hakijatoka dukani, na ule mshale unaoonyesha nyuzi zinaelekea wapi.